Kichujio Kipi kwa Picha za Sayari? Ulinganisho kwa Wapiga Picha wa Kigoma na Tabora

Mtu mwenye darubini ndogo na kamera ya sayari, ambaye amebakiwa na fedha ya kitu kimoja tu, hukutana na ushauri mwingi unaopingana kuhusu vichujio, au filta kama wengi wanavyoviita. Mmoja humwambia anunue seti ya vioo vinne vya rangi, mwingine humsifia kichujio cha infraredi, yaani mwanga ulio nje ya mwekundu ambao jicho haliuoni, na wa tatu humtaka auze kamera yake ya rangi ili anunue ya nyeusi na nyeupe pamoja na vichujio vya nyekundu, kijani na bluu. Kila mmoja ana sababu zake, lakini nyingi ya sababu hizo zimezaliwa chini ya anga la Ulaya na Marekani Kaskazini. Mimi naishi Kigoma, kwenye mteremko unaotazama Ziwa Tanganyika, na kabla ya hapo nilikaa Tabora miaka mitatu. Vichujio nitakavyovilinganisha hapa nimevitumia vyote isipokuwa viwili, na hivyo viwili nitavitaja nitakapovifikia.

Kwa mwenye haraka, hukumu yangu ni hii. Mwenye kamera ya rangi aanze na kichujio kinachokata infraredi pamoja na urujuanimno, ambao ni mwanga usioonekana ulio nje ya urujuani, kisha aongeze kimoja kinachopitisha infraredi. Vioo vya rangi avinunue kwa ajili ya jicho lake, si kwa ajili ya kamera. Kamera ya nyeusi na nyeupe aisubiri mpaka awe na kitako chenye mota kinachoifuatia sayari bila kusukumwa kwa mkono. Zuhura peke yake ndiyo inayoivunja kanuni hii.

Anga letu lina mambo yake

Kigoma na Tabora zote ziko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Kwa kuwa sayari hupita karibu na njia ya Jua, ambayo haiendi zaidi ya nyuzi 23 na nusu kaskazini au kusini mwa ikweta ya mbingu, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya Dunia, sayari inayofika kileleni usiku hapa kwetu huwa juu ya nyuzi 60 kutoka upeo wa macho, na mara nyingi huwa karibu na utosi. Mwaka 2020 Mshtarii ilipokuwa mbali kusini, mtazamaji wa London aliiona ikipanda nyuzi 17 tu, ilhali wa Kigoma aliiona kwenye nyuzi 73. Tofauti hiyo inagusa vichujio moja kwa moja, kwa sababu hewa hupinda mwanga wa bluu zaidi kuliko mwekundu, na sayari iliyo chini hupata ukingo wa bluu upande mmoja na mwekundu upande wa pili. Kwa yule wa London mtawanyiko huo, kutoka urujuani hadi nyekundu, ulikaribia sekunde 5 za tao, na kwa wa Kigoma haukufika hata nusu sekunde. Ili kupata kipimo, sekunde ya tao ni sehemu moja kati ya 3,600 za nyuzi moja, na Mshtarii yote ina upana wa sekunde 45 hivi inapokuwa karibu nasi. Mpiga picha wa kaskazini hununua kichujio cha rangi moja, au prizimu za kurekebisha, ili kuukwepa mtawanyiko huo. Sisi ugonjwa huo hatuna, na dawa yake haituhusu.

Tunayo magonjwa mengine. Mvua zikishakatika, moto wa nyika huanza kupita katika misitu ya miombo, na kufikia Agosti na Septemba Jua la jioni huzama likiwa na rangi ya mawese. Rangi hiyo inaeleza kinachoipata picha pia, kwa maana moshi na vumbi laini hutawanya mwanga wa bluu zaidi kuliko mwekundu, kwa hiyo sehemu ya bluu ya picha ndiyo inayofifia kwanza. Tatizo la pili ni mabati. Paa lililochomwa na jua mchana kutwa hutoa joto hadi usiku, na sayari inayotazamwa juu ya paa la jirani hutetemeka kama kitu kilicho chini ya maji yanayotiririka. Hapa Kigoma kuna pia hewa baridi inayoteremka kutoka vilimani kuelekea ziwani baada ya giza kuingia, nayo hupita juu ya vichwa vyetu ikiwa bado haijatulia.

Saa nazo zina hila yake. Nchi yetu hutumia saa ya nyuzi 45 mashariki, na Kigoma iko karibu na nyuzi 30, kwa hiyo Jua hufika utosini hapa karibu saa saba mchana. Vivyo hivyo, sayari iliyo mkabala na Jua, yaani Dunia ikiwa katikati yao, hufika kileleni karibu saa saba usiku, wala si saa sita. Anayepiga picha saa tatu usiku na kulaumu kichujio chake huenda anailaumu filta kwa kosa la saa.

Taa za wavuvi wa dagaa, ambazo usiku wa giza huufanya uso wa ziwa uonekane kama mji wa pili, hazina neno kwa sayari. Sayari zinang'aa vya kutosha, na vichujio vinavyouzwa kwa ajili ya kuondoa mwanga wa taa za mjini havina kazi hapa.

Vioo vya rangi juu ya kamera ya rangi

Vioo hivi hutambulika kwa namba za Wratten, zilizopata jina kutoka kwa Frederick Wratten, Mwingereza ambaye kampuni yake ilinunuliwa na Kodak mwaka 1912. Namba 8 ni njano hafifu na hupitisha asilimia 83 ya mwanga unaoonekana kwa jicho, namba 21 ni ya machungwa na hupitisha asilimia 46, namba 80A ni bluu na hupitisha asilimia 30, namba 58 ni kijani na hupitisha asilimia 24, namba 25 ni nyekundu na hupitisha asilimia 14, na namba 47, ya urujuani, hupitisha asilimia 3 tu. Seti ya vioo vinne ndiyo kitu cha bei nafuu kuliko vyote katika ulinganisho huu, na ndiyo maana wengi huanzia hapo.

Nami nilianzia hapo. Tangazo la muuzaji lilionyesha Mshtarii yenye mikanda ya kahawia na Doa Jekundu Kubwa, ile dhoruba yake maarufu, likasema vioo hivyo ndivyo vya picha za sayari, nikalipa. Mshtarii yangu ya kwanza kupitia namba 25 ilitoka nyekundu yote kama nyanya, na ya namba 58 ilitoka kijani kama embe bichi. Kosa halikuwa la kioo. Kihisi cha kamera ya rangi tayari kimefunikwa na vichujio vidogo mno, kimoja juu ya kila pikseli, kwa mpangilio ambao Bryce Bayer wa Kodak alipewa hataza yake mwaka 1976: katika kila pikseli nne, mbili hupokea kijani, moja nyekundu na moja bluu. Ukiweka kioo chekundu mbele ya kihisi hicho, robo tu ya pikseli ndizo zinazobaki na kazi, na unachokipata ni kilekile ambacho programu ya kompyuta ingekupa bure kwa kutenga sehemu nyekundu ya video uliyoipiga bila kioo. Ni sawa na kuipitisha katika kitambaa asali ya Tabora iliyokwisha kuchujwa: haizidi kuwa safi, hupungua tu kwa ile inayobaki kitambaani.

Hasara ya pili ni muda. Picha ya sayari leo haipigwi mara moja. Hupigwa video yenye fremu maelfu, kisha programu huchagua zile chache zilizobahatika kupita hewa ilipotulia na kuzipandanisha. Siri ya njia hii ni fremu fupi. Tuseme Mshtarii inahitaji milisekunde 8 kwa kila fremu bila kichujio. Kioo kinachopitisha asilimia 14 kingezifanya ziwe karibu 57, na katika muda huo hewa imekwisha kuivuruga sura ya sayari. Asilimia hizo zilipimwa kwa jicho na si kwa kihisi, kwa hiyo hesabu hii ni ya kukadiria, lakini inatosha kuonyesha ukubwa wa gharama.

Zaidi ya hayo, rangi za vioo hivi kwa kawaida hazizuii infraredi. Jicho haliioni, kamera ya sayari inaiona, na kioo cha bluu hutoa picha ambayo sehemu yake si bluu hata kidogo.

Visa viwili vinanizuia nisivitupe. Kwanza ni jicho lenyewe, ambalo vioo hivi hulisaidia kwa kweli: namba 80A huikoleza mikanda ya Mshtarii, na namba 21 huyapa mabaka ya Mirihi mipaka, ilhali namba 25 ni nzito mno kwa darubini ambayo lenzi au kioo chake kikuu kina upana chini ya milimita 150. Pili ni darubini ndogo za lenzi, za milimita 70 au 90, ambazo hushindwa kukusanya urujuani mahali pamoja na rangi nyingine na kuizungushia sayari ukungu wa zambarau. Hapo namba 8 huondoa sehemu kubwa ya ukungu huo bila kuiba mwanga mwingi, na mwenye darubini ya aina hiyo nisingemkataza kuinunua hiyo moja, peke yake, nje ya seti.

Kinachokata na kinachopitisha

Vichujio hivi viwili huchanganywa sana kwa sababu neno infraredi limo katika majina yote mawili, ilhali kazi zake zinapingana. Cha kwanza hukata urujuanimno na infraredi na kuacha mwanga wenye mawimbi ya urefu wa takriban nanomita 400 hadi 700, yaani ule tunaouona. Cha pili huzuia karibu mwanga wote tunaouona na kupitisha infraredi, pengine pamoja na sehemu ya nyekundu.

Umuhimu wa kile cha kukata hautambuliki mpaka mtu apige picha bila hicho. Vile vichujio vidogo vya Bayer havizuii infraredi, na ikizidi nanomita 800 hivi pikseli nyekundu, za kijani na za bluu zote huiona karibu kwa kiasi kilekile, kwa hiyo rangi hupauka na Mirihi hutoka ya waridi iliyochujuka. Kihisi cha Sony IMX462, ambacho kimo katika kamera nyingi za sayari za bei ya kati, kina hisia kali mno ya infraredi, na kwa hicho kichujio cha kukata ni sehemu ya kamera, si nyongeza. Kwa darubini ya lenzi kuna sababu ya ziada, kwani infraredi hukusanyika mahali tofauti na rangi nyingine na kuitia picha ukungu. Simu ya mkononi na kamera za kawaida za kupigia harusi zina kizuizi hicho ndani tangu kiwandani, kwa hiyo anayepiga kwa simu juu ya lenzi ya jicho hana haja nacho, na kile cha kupitisha infraredi hakitampa kitu ila giza au karibu giza.

Vya kupitisha infraredi huuzwa kwa namba ya nanomita ambapo mlango hufunguka: 610, 642, 685, 742, 807, 850. Faida yake ya kwanza ni utulivu, kwa maana mawimbi marefu husumbuliwa na hewa kidogo kuliko mafupi, na tofauti hiyo huonekana waziwazi kwenye kioo cha kompyuta usiku ambao hewa inachemka. Ya pili ni moshi. Mwezi Septemba, kule Tabora, nilipiga Zohali mara mbili katika saa moja. Picha ya rangi ilikuwa na mchanga mtupu upande wa bluu, na ya nanomita 685 ilionyesha pengo la Cassini kwenye pete pande zote mbili.

Gharama yake ndiyo ambayo wauzaji huipitia kwa haraka. Uwezo wa darubini kutenganisha vitu vidogo hupungua kadiri mawimbi yanavyorefuka. Darubini ya milimita 130, ambayo ndiyo ukubwa wa wengi wetu, hutenganisha takriban sekunde 1.1 za tao katika kijani, 1.3 katika nanomita 685, na karibu 1.6 katika 807. Kwa Mirihi yenye upana wa sekunde 14, hatua hiyo ya mwisho ni tofauti kati ya kuona umbo la baka na kuona kivuli chake. Kwa sababu hiyo, aliye chini ya milimita 150 achague 642 au 685. Kuanzia 742 kwenda juu ni kwa wenye milimita 200 na zaidi. Usiku hewa ikitulia kabisa, na hapa Kigoma usiku huo upo, infraredi hushindwa na picha ya kawaida ya rangi. Kichujio hiki ni cha siku mbaya, nami nakipenda kwa sababu siku mbaya ni nyingi.

Kuna wanaotumia picha ya infraredi kama msingi wa mwanga na kupaka juu yake rangi zilizotoka kwenye picha ya kawaida. Kwa Mirihi naikubali njia hiyo. Kwa Mshtarii siipendi, kwa sababu Doa Jekundu hupauka katika infraredi na picha inayotoka ina mwanga wa sayari moja na rangi za nyingine.

Kamera ya nyeusi na nyeupe na rangi tatu

Kwa ubora mtupu, njia hii hushinda. Kihisi kisicho na vichujio vya Bayer hutumia pikseli zote kwa kila rangi, na vichujio vinavyokwenda nacho, vya kioo kilichopakwa tabaka nyembamba, hupitisha zaidi ya asilimia 90 ya rangi yake na kuzuia nyingine kwa ukali, huku vikiwa na unene ulio sawa ili usilazimike kurekebisha upya kila ubadilishapo. Kamera hiyo hiyo pia hufungua mlango wa urujuanimno na wa methani, nitakaoufikia kwenye Zuhura na Mshtarii.

Tatizo ni kwamba sayari haisubiri. Mshtarii hujizungusha mara moja kwa saa 9 na dakika 55, na ikiwa na upana wa sekunde 45 za tao, kitu kilicho katikati ya uso wake husogea karibu robo sekunde kila dakika. Kwa darubini ya milimita 200, dakika 3 zinatosha kuyafanya maelezo ya nyekundu na ya bluu yasikutane. Katika dakika hizo unapaswa kurekodi mara tatu na kugeuza gurudumu la vichujio mara mbili. Programu ya bure ya WinJUPOS inaweza kuurudisha mzunguko huo nyuma na kuongeza muda, lakini ni kazi inayotaka uvumilivu na saa sahihi ya kompyuta. Zohali na Mirihi zina huruma zaidi.

Kisha kuna suala la kitako. Mzunguko wa Dunia huisogeza sayari sekunde 15 za tao kila sekunde ya saa, maana yake Mshtarii hupita upana wake wote kwa sekunde tatu. Anayesukuma darubini kwa mkono hawezi kufuatia, kulenga na kubadili vichujio kwa pamoja, hasa sayari ikiwa utosini, mahali ambapo darubini ya kusukuma huwa ngumu kuliko popote. Mwenye kitako cha mota naye ana fumbo la huku kwetu: mhimili wake unapaswa kulala nyuzi 5 tu kutoka usawa wa ardhi, na vitako vingi vilivyobuniwa kwa nchi za kaskazini haviteremki hadi hapo, au vikiteremka uzito wake wa kusawazisha hugonga mguu wa stendi. Changu nimekiinua mguu mmoja kwa gogo la mninga. Hakipendezi, ila kinafuatia.

Mwisho ni mawingu. Wakati wa mvua, nafasi kati ya wingu na wingu inaweza kuwa ya dakika mbili. Mwenye kamera ya rangi hutoka na picha kamili. Mwenye rangi tatu, kama ilivyonipata zaidi ya mara moja nilipoazima kamera ya namna hiyo, hutoka na nyekundu na kijani, na wingu linaondoka na bluu yake.

Sayari zenyewe

Mirihi ndiyo inayojibu vichujio kwa wazi zaidi kati ya sayari za usiku. Tangu mwaka 1924, William H. Wright wa kituo cha kutazama nyota cha Lick huko California alipoipiga kwa rangi mbalimbali, imejulikana kuwa nyekundu na infraredi huonyesha ardhi, na bluu na urujuani huonyesha mawingu na ukungu wa ncha. Katika nyekundu, dhoruba ya vumbi huonekana kama eneo linalong'aa na kuyafunika mabaka ya kawaida, jambo lililoikumba sayari nzima mwaka 2018. Mirihi itakuwa mkabala na Jua tena Februari 2027, kwa upana wa sekunde 14 hivi, na hapa kwetu itapanda hadi karibu nyuzi 70. Februari ni katikati ya mvua, kwa hiyo moshi hautakuwapo, na bluu itakuwa safi kuliko tulivyozoea, pale mawingu yatakaporuhusu. Mwenye kichujio kimoja tu cha kuongeza juu ya kile cha kukata awe na 642 au 685.

Mshtarii inataka rangi. Doa Jekundu huonekana jeusi katika bluu na karibu kutoweka katika nyekundu, na habari nyingi za sayari hiyo zimo katika tofauti hiyo. Mwaka 2006 Christopher Go, mpiga picha wa Cebu huko Ufilipino, nchi ya joto kama yetu, aligundua kuwa dhoruba nyeupe iitwayo Oval BA imegeuka nyekundu. Aliyekuwa akipiga infraredi peke yake usiku ule asingeweza kulijua jambo hilo. Kichujio cha methani cha nanomita 889, ambacho ni cha kwanza kati ya viwili nisivyovitumia, huigeuza Mshtarii kuwa nyeusi isipokuwa mawingu ya juu kabisa, na Doa hung'aa. Ni picha ya ajabu, lakini mwanga wake ni kidogo kiasi cha kutaka darubini kubwa, na bei yake kwa mwenye milimita 130 ni fedha iliyotupwa.

Zohali haina mengi. Picha ya rangi inatosha, na 685 kwa siku za moshi. Itakuwa mkabala na Jua mapema Oktoba 2026, na hapa itapita zaidi ya nyuzi 80 juu.

Zuhura ni hadithi nyingine, na hadithi hiyo imepita karibu na kwetu. Kwa mwanga wa kawaida ni mpira mweupe usio na kitu, uwe na darubini ya ukubwa wowote. Frank Ross aliipiga kwa urujuanimno mwaka 1927 na kuonyesha kuwa mawingu yake yana mabaka meusi. Miaka 30 baadaye, mwaka 1957, Charles Boyer, Mfaransa aliyekuwa hakimu mjini Brazzaville na mtazamaji wa nyota kwa kujifurahisha, alizipanga picha zake za upande wa urujuani na kuona kuwa mabaka yaleyale hurudi kila baada ya siku nne. Wataalamu wengi hawakuamini kwamba mawingu yanaweza kuizunguka sayari kwa kasi hiyo, hadi chombo cha Mariner 10 kilipopita hapo Februari 1974 na kuthibitisha. Brazzaville iko nyuzi 4 na kitu kusini mwa ikweta, karibu mstari mmoja na Kigoma. Kila ninaposikia kwamba picha za sayari ni za watu wa vituo vya darubini vya milima ya Chile, namkumbuka hakimu huyo.

Kwa anayetaka kumfuata, chaguo ni mawili. La bei ndogo ni namba 47 iliyofungwa pamoja na kichujio cha kukata, kwa sababu bila hicho infraredi inayovuja huwa nyingi kuliko urujuani wenyewe. Mchanganyiko huo hutoa urujuani wa nanomita 400 na ushei, na mabaka huonekana kwa kubahatisha. La pili ni kichujio halisi cha urujuanimno, kama Baader U, kinachopitisha mwanga wa karibu na nanomita 350. Hiki ni cha pili ambacho sijakitumia, lakini kanuni zake ziko wazi: kinataka kamera ya nyeusi na nyeupe, na kinataka darubini inayotumia kioo cha kuakisi badala ya lenzi, kwa kuwa lenzi nyingi, pamoja na Barlow, ile lenzi ya kuongeza ukuzaji, humeza urujuanimno. Hewa nayo humeza. Zuhura ya jioni, ikiwa tayari imekaribia milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, ni nzuri kwa jicho na haifai kwa kazi hii. Ipigwe kabla Jua halijazama, ikiwa bado juu, na darubini ikae kwenye kivuli cha ukuta ili isiweze kuliangukia Jua. Wala hakuna hata kimoja kati ya vichujio vya makala hii kinachofaa kulitazama Jua. Hata namba 47 iliyo nyeusi kama kaa hupitisha joto linaloweza kuliharibu jicho milele.

Kigoma au Tabora

Mtu wa Tabora yuko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwenye tambarare kavu, na adui yake mkubwa ni moshi na vumbi la kiangazi. Nikilazimishwa kumpa kichujio kimoja baada ya kile cha kukata, ni 685, na nisingesita. Mtu wa Kigoma yuko chini zaidi, ana hewa ya vilimani na ana unyevu. Kwake 642 inatosha, ikimwachia mwanga kidogo zaidi, na fedha iliyobaki anunue sanduku linalofungika vizuri na vifurushi vya kunyonya unyevu, kwa sababu kuvu la ziwani limewahi kuota juu ya kichujio changu katika msimu mmoja wa masika, na halikutoka tena.

Vyote hivi huuzwa kwa uzi wa inchi 1.25 au inchi 2. Kamera nyingi za sayari huja na pua ya inchi 1.25, lakini si kila pua ina uzi kwa ndani. Kabla ya kulipa, ifungue pua ya kamera yako na uitazame kwa mwanga, kisha mwulize muuzaji maswali mawili: kichujio hiki kinaanza kupitisha kwenye nanomita ngapi, na kinaacha kupitisha kwenye ngapi. Akikujibu kwa jina la rangi peke yake, tafuta muuzaji mwingine.